Tarumbeta la Kuvuta: Thamani ya Tromboni katika Mwambao wa Rumonge

Kwetu Rumonge hakuna neno la peke yake la kuitaja tromboni. Chombo chochote cha shaba kinachopulizwa ni tarumbeta, na anayetaka kupambanua huongeza maneno mawili tu: tarumbeta la kuvuta. Walimu wetu wa isimu hutufundisha kwamba neno tarumbeta huenda lilitujia kwa Wareno, katika jahazi moja na meza, leso na bendera. Lakini Waswahili hawakumngoja Mreno ili wapulize shaba. Lamu wanayo siwa ya shaba, na Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu. Siwa haikuwa ya kila mtu. Ilipulizwa kwenye sherehe za watawala na za watu wa nasaba kubwa, na aliyetaka ilie kwenye arusi yake alihitaji ruhusa kabla ya kuhitaji fedha.

Tromboni ilitujia kwa njia nyingine kabisa. Ilikuja na mshahara wa askari, na ibada ya kanisa, na ujira wa arusi. Ni chombo cha kazi. Kwa hiyo katika insha hii sitauliza tromboni ipi ni nzuri, kwani hilo ni swali la watu wenye duka la ala karibu na nyumba zao. Nitauliza ni tromboni ya namna gani iliyowahi kuwafaa watu wa mwambao huu na kwa nini, kisha nitaliangalia soko la leo kwa macho hayo. Ninasema thamani, sisemi bei. Mwanafunzi na mpigaji anayekula kwa kupuliza wanazijua zote mbili, lakini bei wanailipa mara moja.

Nina sababu ya kuuliza. Nimezaliwa Rumonge, na kabla sijaja chuoni nilikuwa nikipiga ngoma kubwa katika kundi la matarumbeta la mtaani kwetu, watu kumi na mmoja, tarumbeta nne, tromboni moja. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia majumbani, sanduku la tromboni hiyo lilikaa ndani ya maji siku kadhaa kabla ya mwenyewe kurudi kulitafuta. Tangu hapo kundi limekuwa likiweka kando sehemu ya malipo ya kila arusi. Fedha zinatosha kununua tromboni moja, na haiko nyingine ya akiba nyuma yake. Wengine wanataka mpya inayong'aa kutoka China, wengine wanataka ya zamani kutoka Ulaya, vijana wanataka ya plastiki. Mimi, kwa kuwa ndiye "msomi" wao, nimeombwa nitoe maoni. Nimeona ni heri kuanza na historia.

Mji wenyewe kwanza. Rumonge iko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, zaidi kidogo ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, katika nchi ya mawese, mgebuka na dagaa. Kiswahili chetu kina mizizi Ujiji, ng'ambo ya mpaka, kwa wafanyabiashara waliopita na mitumbwi yao kabla ya Mzungu yeyote kuweka kituo hapa. Mapadri Weupe walifika mwaka 1879, na mwaka 1881 watatu kati yao wakauawa hapahapa. Wajerumani wakajenga boma Usumbura mwaka 1897. Wabelgiji wakalichukua mwaka 1916. Katika miaka hiyo yote barabara yetu ilikuwa ziwa. Kitu chochote kizito au cha ajabu, kuanzia bunduki hadi cherehani, kilishushwa mwaloni. Shaba za muziki nazo zilikuwa mali ya njia hiyo, na waliozibeba zaidi walikuwa askari.

Hapa lazima niitaje ngoma ya beni. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, na ninadhani kila mwanafunzi wa Kiswahili angepaswa kukisoma, hata kama hapendi muziki. Beni, kama jina linavyoonyesha, ni bendi. Pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 vijana waliitazama bendi ya kijeshi ya Wazungu wakaigeuza kuwa ngoma ya mashindano, yenye sare, vyeo na wafalme wa kuchaguliwa. Mombasa na Lamu walishindana Kingi na Skochi. Tanganyika walishindana Marini na Arinoti. Zanzibar palikuwa na shaba hata kabla ya hapo, maana Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake iliyopigwa na Wagoa. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaitawanya beni kama upepo unavyotawanya makapi: askari na wapagazi wakaibeba hadi Nyasa, Rodesia ya Kaskazini na Kongo. Tukumbuke pia kwamba kuanzia 1916 hadi 1921 Wabelgiji walishika Kigoma na Ujiji pamoja na Urundi. Kwa miaka mitano mwambao wote, kutoka Usumbura hadi Kigoma, ulikuwa chini ya jeshi moja.

Wanaoandika kuhusu beni hupenda sare na vyeo, na kweli vinafurahisha. Mimi kilichonivutia ni kilichotokea baada ya shaba kuisha. Vyama vya beni vilivyoingia vijijini havikuwa na karakana ya jeshi wala mwalimu wa bendi. Tarumbeta ikivuja, imevuja. Upande wa Ziwa Nyasa, katika ngoma za malipenga na mganda zilizozaliwa na beni, watu walichukua vibuyu, wakavikata, wakavitia utando mwembamba kwenye tundu, wakaimba ndani yake. Sauti ikatoka ya kukwaruza kama ya shaba. Vibuyu hivyo vinapigwa hadi leo. Tarumbeta za askari ziko wapi? Mtu anaweza kusema ni umaskini tu. Mimi ninaona kwamba wale wazee walikuwa na kipimo chao cha thamani, nacho kilikuwa hiki: chombo kinachoweza kutengenezwa na mtu wa hapa kikiharibika siku ya Jumatano, ili Jumamosi ngoma ichezwe. Kibuyu kilishinda kwa kipimo hicho, na tromboni ilishindwa.

Njia ya pili ilikuwa kanisa, na hapa tromboni hasa ndiyo iliyotangulia. Wamoravian wa Herrnhut walikuwa na vikundi vya tromboni tangu karne ya 18, nao waliingia Rungwe mwaka 1891 na Unyamwezi mwaka 1898. Misheni ya Bethel ilifika Rwanda mwaka 1907 na Bukoba mwaka 1910. Bethel ndiko alikofanya kazi Johannes Kuhlo, mtu aliyepewa na Wajerumani jina la utani la jenerali wa matromboni. Kuhlo alisisitiza kwamba wapigaji wote wa kanisani wasome noti kama zinavyoandikwa kwa kinanda, ili kikundi kipige moja kwa moja kutoka kitabu cha nyimbo. Bendi za Kiingereza, zikiwemo za Jeshi la Wokovu lililoingia Kenya mwaka 1921, zilikuwa na utaratibu tofauti: mpigaji wa tromboni ya kawaida husoma noti zilizohamishwa, kwa ufunguo uleule wa tarumbeta. Jambo hili linaonekana dogo. Si dogo. Wapigaji wawili wanaweza kukaa benchi moja, kila mmoja akiisoma karatasi yake sawasawa, na kila mmoja akashindwa kuisoma ya mwenzake. Katika kundi letu hali ni hiyo mpaka leo, na chanzo chake ni mwaka 1972.

Vurugu zilianza tarehe 29 Aprili mwaka huo, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa mahali zilipoanzia. Yaliyofuata, uasi na mauaji na kisha kisasi kikubwa cha serikali kilichoenea nchi nzima, yameandikwa na watu wenye uwezo kuliko mimi. Kwa insha hii inatosha kusema kwamba watu wengi sana wa mwambao huu walivuka kwa mitumbwi kwenda Kigoma, na baadaye wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walikaa huko zaidi ya miaka 30. Kurudi kwao kulianza kwa wingi mwaka 2008. Wengine zaidi ya 160,000 wakachagua uraia wa Tanzania na wakaupata. Waliorudi Rumonge walikuta mashamba ya michikichi yana wenyewe wengine, na kesi za ardhi zikafuata. Lakini walirudi pia na mambo waliyojifunza, na mojawapo ni matarumbeta ya kanisani.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Alirudi mwaka 2009 akiwa na magunia mawili, cherehani, na tromboni ya Kiingereza aliyoachiwa na mwalimu wake wa kwaya. Chombo kilikuwa imara, mrija wake unateleza kama mgebuka mkononi. Tatizo lilikuwa moja: hakikukubaliana na tarumbeta za wenzake zilizonunuliwa Bujumbura. Kila mara kilikuwa juu kidogo. Wazee wa kundi walidhani sikio la mjomba limezeeka. Nilipoanza kusoma chuoni ndipo nikapata maelezo. Bendi za shaba za Uingereza ziliendelea kutumia kipimo cha juu cha sauti hadi miaka ya 1960, ambapo noti ya la ilikuwa karibu mitetemo 452 kwa sekunde badala ya 440 ya leo. Tofauti hiyo inakaribia nusu ya nusutoni. Aliye peke yake hataisikia. Katika kundi inauma meno. Mjomba alikuwa ameizoea kwa kuuvuta mrija mbele kidogo kuliko kawaida katika kila noti, na hiyo ndiyo rehema ya tromboni, kwani tarumbeta yenye vali isingeweza kusahihishwa hivyo. Lakini aliyejifunzia kwenye chombo hicho hawezi kuchukua kingine akapiga bila kuanza upya.

Nikimpa mwenzangu ushauri wa kwanza wa kununua tromboni iliyotumika, basi ni huo: kabla ya kuangalia jina la kiwanda, ipige pamoja na chombo unachojua kiko sawa. Hata filimbi ya shule inatosha. Mwenye duka atakuonyesha mng'ao na maandishi yaliyochongwa kwenye domo. Mwache aonyeshe.

Sasa niingie katika chombo chenyewe. Tromboni ya tena ni mrija wa takriban mita 2.7 uliokunjwa mara mbili, na thamani yake karibu yote iko katika sehemu inayoteleza. Mirija miwili ya ndani imepakwa kromu; miwili ya nje huipita kwa nafasi ya sehemu za mia za milimita. Domo likibonyea, sauti haibadiliki sana, na bonyeo hilo ni sababu nzuri ya kuomba bei ipunguzwe. Mrija wa nje ukibonyea hata kidogo kama punje ya mtama, umenunua bomba. Kwa hiyo muulize muuzaji kama unaweza kujaribu mambo mawili. La kwanza, ishike tromboni wima, ufungue kufuli ya mrija, na uuachie wa nje ushuke huku mkono mwingine ukiungoja chini: unapaswa kushuka wenyewe bila kukwama popote. La pili, ziba kwa vidole matundu mawili ya juu ya sehemu hiyo na uuachie tena: sasa unapaswa kusita, kwa kuwa hewa haina pa kuingilia. Ukishuka kwa haraka ileile, unavuja. Majaribio haya mawili hayahitaji ujuzi wa muziki, na mtu anaweza kuyafanya sokoni huku amevaa kandambili.

Tazama pia ncha za mirija ya ndani, pale ilipotuna kidogo. Kromu ikiwa imelika hapo hadi shaba ya manjano inaonekana, chombo kimefanya kazi nyingi na hakitarudi. Madoadoa mekundu karibu na kipulizio ni ishara mbaya zaidi: shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na wekundu huo ni zinki inayotoka. Ndani kumeoza. Hilo ndilo lililoikuta tromboni ya kundi letu, na maji ya ziwa yalimalizia tu.

Baada ya hapo ndipo yafuate majina na vipimo. Kipenyo cha ndani cha mrija ni jambo ambalo wanafunzi hulidharau. Tromboni za mwanafunzi, kama ile Yamaha YSL-354 inayoonekana mara nyingi katika bendi za shule, zina kipenyo cha milimita 12.7. Zile za okestra, kama Bach 42 au Conn 88H, zina karibu milimita 13.9, sauti yake ni pana na nzito, na zinataka pumzi nyingi. Mpigaji akijua kwamba wapigaji wa okestra wanatumia kubwa, hudhani kubwa ndiyo bora. Lakini nani anapiga saa nne mfululizo juani nyuma ya msafara wa arusi kutoka Minago hadi mjini? Kwa kazi hiyo mrija mwembamba ni msaada, kwani sauti inatoka kali, inapenya honi za magari, na mapafu hayachoki mapema. Kipulizio pia hufuata kipimo: shina dogo kwa mrija mwembamba, shina kubwa kwa mrija mpana. Nimeona watu wakifunga utepe wa plastiki kwenye shina dogo ili likae katika tromboni kubwa. Linakaa, lakini noti zinayumba kama mtumbwi usio na shehena.

Vali ya kidole gumba, ile inayoishusha tromboni kutoka si-bemoli hadi fa, ni kitu kizuri kwa anayeweza kuitunza. Inaongeza noti za chini na inamwokoa mwenye mikono mifupi asifike kituo cha sita na cha saba. Pia inaongeza uzito, uzi au kiungo cha kukatika, na tundu jingine la kuvujia. Kwa kundi lenye tromboni moja na lisilo na fundi wa ala, ninaihesabu kuwa anasa. Niliposema hivi katika kikao, mmoja wa wapigaji aliniambia ninazungumza kama mzee. Pengine.

Kuna plastiki. Tangu tromboni ya kwanza ya plastiki ya Kiingereza, pBone, iingie sokoni zaidi ya miaka 10 iliyopita, imefungua mlango kwa watoto, na sitaki kuidharau. Ina uzito usiofika kilo moja, haiozi, haibonyei, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya shaba. Kwa mtoto wa miaka kumi anayeanza, ningeichukua bila kusita. Lakini mrija wake una msuguano zaidi, na ukivunjika hakuna wa kuulehemu. Wafanyakazi wa arusi hawataimaliza nayo misimu mingi.

Zile mpya za shaba zisizo na jina linalojulikana ni fumbo gumu zaidi. Baadhi ni nzuri. Viwanda vya China vinatengeneza pia ala zinazouzwa kwa majina ya Wamarekani na Waingereza. Tabu ni kwamba mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kwa ndani, na kwa kununua kwa picha huwezi kuyafanya yale majaribio mawili. Zaidi ya hayo, kipuri chake hakina pa kuulizwa. Yamaha, Bach, Conn au King ya zamani inaweza kupata mrija wa nje kutoka kwa nyingine iliyokufa. Isiyo na jina ikifa, imekufa na ukoo wake.

Hapa ndipo ninapowarudia wale wazee wa vibuyu. Nilipoanza kuuliza ni nani anayeweza kutengeneza tromboni kati ya Nyanza-Lac na Bujumbura, jibu la kwanza lilikuwa hakuna. Jibu la pili lilikuwa la mjomba: "Nenda kwa mtu wa redieta." Redieta nyingi za magari ya zamani ni za shaba ya manjano, zimeunganishwa kwa risasi laini ya kulehemu, na fundi wake anajua kuipasha shaba moto bila kuiunguza. Viungo vya tromboni vimeunganishwa kwa njia hiyohiyo. Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, umejaa mafundi wa magari, na mmoja wao alikilehemu kiungo cha domo mbele yangu kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kunywa chai. Kunyoosha mrija hawezi, na alisema hivyo mwenyewe kwa uaminifu. Basi tunajua mpaka: viungo na domo, tuna fundi, mrija, hatuna. Tununue, kwa hiyo, chombo ambacho mrija wake ni mzima hata kama kingine chote kimechakaa. Hii ni kinyume cha jinsi watu wanavyonunua, maana domo ndilo linaloonekana kwenye picha za arusi.

Wanaoogopa chombo cha mtumba nawakumbusha meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, na mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui. Ilikaa chini ya maji hadi 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya. Iliwezekana kwa sababu mafundi waliokuwa wakiizamisha walizipaka mashine mafuta mazito kabla ya kuondoka. Kwa mnunuzi wa mtumba, umri si swali kubwa. Muulize aliyeiacha: uliipaka nini?

Na mafuta yenyewe yana habari yake. Kwetu mawese ndiyo dawa ya kila kitu, na nimemwona mpigaji akiyapaka kwenye mrija kabla ya arusi. Siku ile uliteleza vizuri. Wiki iliyofuata mafuta yalikuwa yameganda, yameshika vumbi la barabara, na mrija ukawa kama umetiwa msasa. Wapigaji wa zamani wa Marekani walitumia krimu baridi ya uso, Pond's, kiasi kidogo sana, kisha wakanyunyizia maji juu yake. Krimu hiyo inapatikana katika maduka ya vipodozi, na maji tunayo ziwa zima, yasiyo na chumvi. Ndugu zetu wa Zanzibar hawana bahati hiyo.

Niseme jambo la wasichana, kwa kuwa limeingia katika uchaguzi wetu kuliko nilivyotarajia. Mwezi Oktoba 2017 ilitoka amri ya rais kuhusu ngoma za kifalme, zile ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Amri hiyo iliwazuia wanawake kuzipiga. Haikusema lolote kuhusu shaba. Wasichana watatu wa mtaani kwetu wanajifunza sasa katika kundi, na anayefaa zaidi kwa tromboni ana miaka 14 na mkono ambao haujafika kituo cha saba. Wapo waliosema: kwa hiyo tumnunulie mwanamume. Nikajibu kwamba noti zinazohitaji kituo cha saba katika nyimbo zetu za arusi zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mkono wa mtoto hukua bila kununuliwa. Mjomba alicheka, akasema mwalimu wake wa Ulyankulu naye alimwambia hivyohivyo.

Tena kuna suala la mahali pa kusimama, ambalo vitabu vya ala havilitaji. Dar es Salaam wapigaji wa matarumbeta hupanda pikapu, na mwenye tromboni hukaa nyuma kabisa, mrija ukitokeza nje juu ya mlango wa chini. New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20 walifanya vivyo hivyo kwenye magari ya kukokotwa, mpaka mtindo mzima wa kupiga tromboni ukachukua jina la mlango huo wa nyuma. Waliogopa kumgonga mwenzao kisogoni. Sisi tunapanda pikapu za kukodi zenye vyuma vya pembeni, na mrija mmoja uligonga chuma katika kona ya Magara. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba tromboni hukaa nyuma hata kama mpigaji wake ndiye mkubwa wa umri na kiti cha mbele ni haki yake.

Kwa yote hayo, maoni niliyoyapeleka kwenye kikao yalikuwa haya: tromboni ya tena iliyotumika, mrija wa milimita 12.7 au karibu na hapo, bila vali ya kidole gumba, ya kiwanda kinachojulikana, iliyotengenezwa baada ya miaka ya 1960, na yenye domo bovu kadiri muuzaji anavyokubali kupunguza bei. Fedha inayobaki itumike kwa sanduku gumu na kipulizio cha pili. Waliotaka inayong'aa hawakufurahi. Mmoja alisema kwamba bwana arusi akiona shaba iliyochakaa atapunguza malipo, na hilo si neno la kupuuza. Mteja wetu hununua kwa macho pia. Tulikubaliana kwamba domo litasuguliwa na kupakwa rangi angavu, gharama ikitoka kwa waliolalamika.

Imepatikana moja Bujumbura. Nimeshaifanyia yale majaribio mawili mbele ya muuzaji, na nimeipiga pamoja na tarumbeta ya rafiki. Iko sawa na mia nne na arobaini. Domo lina bonyeo kubwa kama kiganja. Kiungo kimoja kimeachia, na fundi wa redieta wa Buyenzi ameshakiangalia. Jumamosi itapanda basi la Rumonge, na ya kwanza kuifungua sanduku atakuwa yule msichana, kwa kuwa ndiye aliyekubali kuandika katika daftari kila siku inapopakwa krimu na jina la aliyeichukua.